Kiberiti au Sinia

Nyumba za wafanyakazi, chumba namba sita
Jumatano asubuhi

Mdogo wangu mpendwa Chiriku,

Pokea salamu zangu, na ukishazipokea mgawie mama nusu yake, maana nakujua, ukiachiwa utazimaliza peke yako. Natumaini barua hii inawakuta wazima. Goti la mama limetulia? Mwambie ile dawa ya kuchua haifanyi kazi kwa kutazamwa kabatini, aipake. Na kikohozi chako kimekuaga, au bado mnaishi pamoja? Mimi mwili hauna neno. Nakula, natembea, usingizi ndio umeota mbawa. Mengine utayasoma humu, na nakuomba usome ukiwa umekaa, tena peke yako, kabla ya kumsomea mama.

Najua utashangaa kupata karatasi nyingi namna hii kutoka kwa mtu ambaye ujumbe wake mrefu kuliko wote kwenye simu ulikuwa "Sawa, nimepata". Simu nimejaribu. Jumapili nilikupigia mara tatu. Mara ya kwanza nikauliza goti la mama, mara ya pili nikauliza kama huko kunanyesha, mara ya tatu nikauliza tena goti la mama, mpaka ukanicheka kwamba nimeanza kuzeeka. Hukujua kwamba kila mara maneno yalikuwa yamefika kwenye meno, yakarudi. Kalamu haina haya kama ulimi. Tena kwenye karatasi nikikosea nitakata kwa mstari, na wewe utaona nilipokata. Siku hizi nina sababu ya kupenda kitu cha namna hiyo.

Kwanza nikujibu ulichoniuliza. Umeniandikia kwamba umepata barua ya kuajiriwa, kwamba Jumatatu unaanza kazi ya kusoma nyufa kwenye handaki, kwenye nafasi ninayoiacha mimi, na kwamba ndani ya bahasha wamekuwekea fomu ya kuchagua kifaa cha kazi: kile kidogo cha kuingia mfukoni, au kompyuta mpakato. Fomu inatakiwa irudi Ijumaa. Umesema mkono wako umeshaelekea kwenye kile kidogo, kwa sababu nilipokuja nyumbani mara ya mwisho nilikisifu sana, nikakitoa mfukoni mbele ya mama kama mtu anayetoa saa ya dhahabu. Unachotaka kwangu ni neno moja tu.

Neno moja halitoshi, Chiriku. Weka kalamu chini kwanza.

Handaki lenyewe hujaliona, kwa hiyo ngoja nikutembeze. Linapita chini ya kilima, na ndani yake limelala bomba kuu linalopeleka maji mjini. Theluthi mbili za mwanzo unatembea wima, taa za ukutani zinawaka, unaweza hata kupiga mluzi. Kisha unafika kwenye kona. Baada ya kona dari linashuka, taa za ukutani zinakwisha, maji ya kuvuja yanapita juu ya buti, na unakwenda umeinama kama mtu anayetafuta pete iliyoanguka. Kuta ni za zamani na zina nyufa. Hilo peke yake si la kutisha, kila kilichokula miaka kina mistari, hata mama. Penye kila ufa mkubwa wamepigilia vibao viwili vya plastiki angavu, kimoja upande huu wa ufa na kingine upande ule, kimoja kikilalia kingine. Cha chini kina mistari ya milimita, cha juu kina alama nyekundu. Ufa ukifunguka, alama inasogea juu ya mistari. Unasoma namba, unaandika, unakwenda kituo kinachofuata. Vituo ni arobaini, na kumi vya mwisho viko ng'ambo ya kona. Kituo chochote kikifika milimita kumi, hakuna mtu kuingia mpaka wahandisi waje. Ndiyo kazi yote. Anaiweza yeyote mwenye macho na miguu.

Nilipoanza tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa bwana mmoja mnene, mtu wa miaka hamsini na kitu, tuliyemwita Mara Mbili. Alisoma kila kibao mara mbili, akala mara mbili, akasimulia kila hadithi mara mbili bila kukumbuka ya kwanza. Tulibeba ile kompyuta mpakato. Sisi tulikuwa tunaiita sinia, kwa sababu huko ndani huwezi kuishika kwa mkono mmoja: mmoja anaibeba mbele ya kifua kama anapeleka chakula kwa wageni, mwenzake anashika taa na kusoma. Ilikuwa nzito, ilikuwa na mkoba usioingia maji uliokuwa mzito kuliko yenyewe, na kuifungua kwenye kila kituo ilikuwa kama kumwamsha mtu asiyetaka shule. Lakini ikifunguka ilikuonyesha vituo vyote arobaini kwa pamoja, kila kimoja na mstari wake wa mwaka mzima. Mara Mbili alikuwa anapenda kuitazama ile mistari. Alisema ukuta mzima hupumua, wiki hii unapanda kidogo, wiki ijayo unashuka kidogo, kwa joto na kwa baridi. Alisema mstari ulionyooka kabisa haujaandikwa na ukuta, umeandikwa na mtu. Nilimwona mzushi tu anayetafuta sababu ya kupumzika.

Miaka miwili iliyopita ikaja hiyo fomu iliyoko mezani kwako. Mkuu wetu wa matengenezo, mama mmoja mwembamba mwenye haraka lakini si mtu mbaya, alituita akatuonyesha kile kidogo. Kilikaa kwenye kiganja chake na nafasi ikabaki. Papo hapo nikakipa jina la kiberiti. Betri yake inakaa wiki nzima, hakiogopi maji, unakibonyeza kwa kidole gumba huku mkono mwingine umeshika taa. Mkuu alieleza kwamba sinia inahitaji watu wawili na kiberiti kinatosha mmoja, lakini ofisi haimlazimishi mtu. Msomaji mkuu ndiye atakayechagua. Msomaji mkuu nilikuwa mimi.

Mara Mbili aliniomba tuendelee na sinia. Hakunibembeleza. Alisema tu kwamba sinia tunaitazama wawili, na kitu kinachoingia mfukoni mwa mtu hakina shahidi. Mimi nikamtania kwamba anaogopa kwenda kuhesabu misumari stoo, na kwamba shahidi anayekoroma wakati wa chai hana faida. Nikatia alama kwenye kiberiti. Wiki ile ile wakamhamishia stoo, na misumari akaihesabu kweli, kila boksi mara mbili.

Nisikufiche, mwanzoni nilifurahi. Kazi ya siku nzima nikawa naimaliza kabla ya saa sita. Kile kidude kinakuonyesha kituo kimoja tu kwa wakati mmoja. Juu kinaandika namba ya kituo, katikati kinaandika namba uliyoisoma wiki iliyopita, na chini kinaweka kitufe kikubwa cha kijani kilichoandikwa "Kama wiki iliyopita". Nyufa nyingi hazisogei, kwa hiyo mara nyingi unabonyeza hicho na unapita. Ni kitufe kitamu, Chiriku. Sijui aliyekibuni, lakini alikuwa anawajua watu kama mimi.

Unakumbuka mama aliniita nani tulipokuwa wadogo? Njia ya Mkato. Ukitumwa dukani unaruka ukuta wa jirani, ukiambiwa ufagie unafagia panapoonekana. Na ile ya mlango wa nyuma unaikumbuka zaidi, kwa sababu ilikuumiza wewe. Mama aliuliza kutoka chumbani kama mlango wa nyuma umefungwa, nikajibu nikiwa nimejilaza kwamba umefungwa. Mbwa wa jirani akaingia, akala chakula cha nyumba nzima, akavunja na bakuli la kioo la mama. Wewe ulikuwa na miaka saba, na ndiye uliyekuwa wa mwisho kutoka uani, basi ukaadhibiwa wewe. Nilikusikia unalia nikanyamaza. Sikuwahi kwenda kuutazama ule mlango. Leo nakuambia kwa mara ya kwanza, na naomba radhi, ingawa imechelewa miaka mingi.

Sasa rudi nami handakini. Mwishoni mwa mwaka jana nilipata homa. Nilikwenda kazini hivyo hivyo, nikafika kituo cha thelathini, hapo kabla ya kona ambapo kuna ndoo kuukuu iliyopinduliwa ambayo watu huikalia. Nikakaa. Nikakitoa kiberiti nijue nimebakiza vituo vingapi, nikaona kituo cha thelathini na moja, namba yake ya wiki iliyopita, na kitufe chake cha kijani. Nikabonyeza. Kikaja cha thelathini na mbili. Nikabonyeza. Mpaka arobaini nilikuwa sijainuka kwenye ndoo. Kile kidude hakijui umesimama wapi. Sinia isingekubali, si kwa sababu ina akili zaidi, bali kwa sababu Mara Mbili angekuwa amesimama hapo na taa yake, ananitazama.

Wiki iliyofuata nilikuwa nimepona, lakini ndoo ilikuwa pale pale. Wiki ya tatu sikutafuta hata kisingizio, nilikwenda na chupa ya chai. Wiki kumi na nne, mdogo wangu. Wiki kumi na nne sikuvuka kona.

Kila nikipita stoo kuchukua betri ya taa, Mara Mbili aliniuliza habari za vituo kama mtu anavyouliza habari za ndugu. Cha kumi na mbili hajambo? Cha ishirini na tisa bado anatokwa na maji? Na mwisho kabisa, kila mara, aliuliza cha thelathini na saba anaendeleaje, kwa sababu siku zote alikuwa hapendi sauti ya ukuta wa pale ukiugonga. Nikamjibu hajambo, anasalimia. Tukacheka. Nilicheka kwa sauti kuliko yeye.

Wiki ya kumi na tano nilikwenda. Usiniulize kilichonipeleka, si uaminifu. Nilisikia kwamba kutakuwa na ukaguzi, nikaogopa wakaguzi wasije wakakuta utando wa buibui juu ya vibao. Nikavuka kona nimeinama, maji yananigonga kwenye buti. Cha thelathini na moja salama, cha thelathini na mbili salama, nikaanza kupata moyo. Nilipokaribia cha thelathini na saba nilisikia kitu kinachuruzika. Si maji. Nikaangaza taa chini, nikaona kirundo cha mchanga laini, kama unga unaomwagika chini ya mlango ulioliwa na mchwa. Nikainua taa. Kiberiti kilisema milimita mbili, kama wiki iliyopita. Kibao kilisema nane.

Hapo ndipo palikuwa na nafasi ya kuwa mtu. Namba nane ingeweza kuandikwa kwa sekunde moja. Lakini nikapiga hesabu ya mtu mwoga: ufa hauruki kutoka mbili hadi nane kwa wiki moja. Mkuu atauliza, na jibu ni moja tu. Nikasimama pale nimeinama, shingo inauma, nikapata wazo ambalo nililiona la busara. Nitaupandisha ufa pole pole. Wiki hii mbili na nusu, wiki ijayo tatu, kisha tatu na nusu, mpaka namba zangu zikutane na za ukutani, na hapo nitakuwa tena mtu mkweli bila mtu yeyote kujua kwamba niliwahi kuwa mwongo. Nilitaka kuufikia ukweli kwa njia ya mkato.

Usiniletee ile methali ya ufa na ukuta. Ninaijua, tena imebandikwa ofisini kwetu juu ya birika la chai.

Tatizo ni kwamba ukuta haukukubali kunisubiri. Mimi nilipanda nusu nusu, wenyewe ulikuwa na mwendo wake. Nilipoandika tatu, kibao kilikuwa tisa. Nilipoandika tatu na nusu, kilikuwa kumi nukta moja, yaani pale ambapo hakuna mtu anayetakiwa kuingia, na mimi nimo ndani, nimeshika kiberiti, naandika tatu na nusu. Wiki iliyopita niliandika tano na nusu. Kibao kilikuwa kumi na sita. Kila wiki nilijiambia kwamba wiki ijayo nitasema, na kila wiki uongo ulikuwa umekua, na kuusema kukawa kugumu zaidi ya wiki iliyopita.

Katikati ya hayo ndipo ulipoomba kazi hapa. Sikukuzuia. Nilikusifia hata kazi yenyewe. Nilijidanganya kwamba mpaka wewe ufike namba zitakuwa zimeshakutana. Kisha wakanipandisha cheo. Unajua sababu waliyoiandika? Kwamba kwa miaka miwili sikuwahi kukosa kusoma kituo hata kimoja. Mama alipopokea habari hizo alilia kwa furaha kwenye simu, na mimi niliikata nikasema mtandao mbovu.

Alhamisi iliyopita Mkuu alitangaza kwamba Jumatatu watu watano wanaingia kufunga bomba jipya la pili ng'ambo ya kona. Watatoboa ukuta kwa mashine kila hatua mbili, watie vyuma vya kubebea bomba. Na mtu wa sita atakuwa msomaji mpya, atakwenda nao akisoma vituo wakati wao wanatoboa. Msomaji mpya ni wewe, Chiriku. Nimeliona jina lako kwenye ile orodha, limeandikwa vizuri kwa wino wa bluu.

Nilikwenda ofisini kwa Mkuu siku hiyo hiyo. Nilikwenda, hilo uniandikie kwenye upande wa mema, lakini soma nilichosema kwanza. Nilimwambia kwamba kituo cha thelathini na saba kinanitia wasiwasi. Aliniuliza kwa nini. Nikasema kinaongezeka. Akafungua kompyuta yake, akaigeuza skrini nione, na kwa mara ya kwanza nikauona mstari wangu. Wiki kumi na nne umelala sawasawa kama maiti, bila kupumua hata mara moja. Kisha ngazi saba, zote za urefu mmoja, kama zimejengwa na seremala. Mtoto angejua kwamba ule si ukuta. Niliomba moyoni aone. Niliomba aniulize swali moja tu. Yeye akasema ni kweli kinaongezeka, lakini kwa utaratibu mzuri, na kwamba kwa mwendo huo kumi itafika baada ya miezi miwili, kazi ya bomba itakuwa imekwisha zamani. Akanisifu kwamba namba zangu ni safi. Alisema angependa wasomaji wote wawe kama mimi. Nikashukuru nikatoka.

Ndiyo hivyo. Namba zangu mwenyewe ndizo zilizonikana, na mimi nikaziacha zishinde. Nilikuwa na maneno mawili tu ya kuongeza, "nilidanganya", na sikuyaongeza. Siku sita sasa nayabeba.

Leo asubuhi nimeingia tena. Mchanga chini ya kituo cha thelathini na saba unafika kwenye kifundo cha mguu. Nimeweka kidole kwenye ufa, kimeingia chote, na huko ndani kuna hewa ya baridi inayotoka. Alama iko kwenye kumi na tisa. Nimeiandika kwa kalamu kwenye daftari, si kwenye kiberiti, kwa sababu kiberiti nimekiogopa. Nilipokiwasha pale pale kiliniuliza kwa upole wake ule ule: kama wiki iliyopita?

Basi hiki ndicho ninachokuomba. Usirudishe hiyo fomu. Jumatatu usiingie, hata ukitumwa na nani, hata wakikuambia namba ni safi. Barua hii nimeiandika mara mbili, mstari kwa mstari, na nakala ya pili kesho saa mbili asubuhi nitaiweka mezani kwa Mkuu, mbele ya watu, na kusema yale maneno mawili kwa mdomo wangu. Utauliza kwa nini basi yako inatangulia, kwa nini nisiende kwake kwanza. Kwa sababu mimi najijua. Usiku mmoja unatosha kunifanya nitafute njia ya mkato nyingine. Lakini dereva wa gari la vipuri anaondoka leo saa tisa, analala njiani, kesho mchana atakuwa mlangoni kwenu. Ikishakaa mkononi mwake siwezi kuifuta. Na ikifika Ijumaa hujasikia kwamba handaki limefungwa, basi ujue nimekuwa mwoga tena. Chukua hii yako uje nayo mwenyewe, umpe Mkuu, usinionee huruma. Watanifukuza kazi, na inawezekana wakanishtaki. Iwe hivyo. Ile ya mlango wa nyuma ulinibebea wewe. Hii ningekuachia, ungeibeba chini ya kilima.

Na siku moja, mahali pengine, ukiulizwa tena uchague, chagua sinia. Itakuumiza mabega. Utanung'unika, utaniapiza. Lakini chagua kile ambacho hakibebeki bila mtu mwingine kuwa karibu yako, na ukimpata mwenzako anayesoma mara mbili, mvumilie hata akikoroma.

Nisalimie mama. Usimfiche, ila mwambie mchana, na umshike mkono. Mwambie Njia ya Mkato amefika mwisho wa njia. Msalimie na shangazi, na yule jirani mwenye mbwa, na wote watakaoniulizia kabla hawajasikia. Nakutakia afya, na kikohozi chako kitokomee.

Ni mimi kaka yako anayekupenda,
Njia ya Mkato

Nyongeza, saa nane na nusu mchana. Bahasha nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua tena, usishangae kuona imechanika. Nilikwenda stoo kuomba gundi, Mara Mbili akaniuliza cha thelathini na saba anaendeleaje. Nikashindwa kusema hajambo. Nikamwambia yote, nimesimama katikati ya maboksi ya misumari. Hakunitukana. Alichukua taa kubwa, akavaa kofia yake ngumu, akasema twende tukasome wawili.

Tumetoka sasa hivi, tumelowa. Hatungoji kesho, Mkuu yuko ofisini na tunapanda kwake sasa, dereva anapiga honi. Tumesoma mara mbili kama alivyonifundisha, yeye ameshika taa na mimi nimeshika daftari. Ameniuliza niandike ngapi. Kibao kinaishia ishirini, Chiriku, na alama haiko tena juu ya kibao.